Takataka, Matandazo na Ukoko

Katika baadhi ya vijitabu vya ufugaji wa kuku vinavyozunguka vijijini utakuta agizo la namna hii: sakafu ya chumba cha vifaranga iwekwe takataka safi na kavu. Msomaji wa Kitanga, kata ya Wilaya ya Kasulu kwenye vilima vya Kigoma, ana haki ya kusita hapo. Takataka safi ni kitu gani? Mtu anayefagia nyumba yake kila alfajiri anajua kwamba takataka ni kile anachokipeleka shimoni. Leo anaambiwa akirudishe ndani, akimwage kwenye kona ya jiko, kisha amweke juu yake kifaranga wa siku moja.

Kilichotokea si kigumu kukibaini. Kiingereza kina neno moja lenye maana mbili, taka zilizotupwa ovyo na malalo ya mnyama zizini. Mfasiri akashika ile ya kwanza. Kwenye karatasi ni kosa dogo, lakini istilahi za ufugaji hazibaki kwenye karatasi. Huushika mkono wa mtu na kuuongoza. Aliyeambiwa kwamba vifaranga wake wamesimama juu ya takataka hatashtuka zikilowa, maana takataka hata zikikauka ni takataka tu. Nami naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya harufu mbaya katika nyumba zenye vifaranga inaanzia hapo, kwenye kitu muhimu kilichokosa jina lake.

Nimeichagua Kitanga kwa kuwa huko suala hili liko ndani ya nyumba. Ukanda wa Buha, nchi ya Waha, kutoka Kasulu hadi Kibondo, uko juu sana ya Ziwa Tanganyika, nalo ziwa lenyewe liko mita 773 kutoka usawa wa bahari. Anayepanda kutoka Kigoma mjini huanza kutafuta sweta kabla hajafika, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli. Kifaranga huanguliwa baada ya siku 21 akiwa na vinyoya laini visivyoweza kuikabili baridi ya namna hiyo. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha lipunguzwe nyuzi kama tatu kila wiki mpaka manyoya ya kweli yamfunike. Nje kuna mwewe mchana na kicheche usiku. Basi vifaranga hulelewa jikoni, ukumbini au uvunguni mwa kitanda, ndani ya boksi au ndani ya duara la kipande cha mkeka. Watu na vifaranga wanavuta hewa moja. Mfugaji wa mjini mwenye banda uani anaweza kuichukulia harufu kama jambo la kuwaudhi majirani. Huku ni jambo la mtoto aliyelala hatua mbili kutoka kwenye boksi.

Kwa mpenda maneno, nchi hii ni tajiri. Waha humwita kuku inkoko, sawa na Warundi wa ng'ambo ya mpaka. Wakongo walioko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 katika wilaya hiihii ya Kasulu, husema mutoto ya kuku pale tunaposema kifaranga. Na neno faranga, ambalo katika Kiswahili ni kifaranga aliyekwisha kukua kidogo, ukivuka kuingia Burundi linageuka pesa: amafaranga. Hakuna udugu kati ya maneno hayo mawili, moja ni la kuku na jingine limekuja na sarafu za wakoloni, lakini mtu anaweza kuuza mafaranga akalipwa amafaranga na asikosee sarufi ya upande wowote. Hata mahali pa kulelea pana majina mawili. Vitabu husema kinengunengu. Wauza vifaranga husema bruda. Bruda limeshinda mitaani nami sina ugomvi nalo, kwa sababu kila anayelisikia anajua linataja nini. Ugomvi wangu ni juu ya kilicho chini ya bruda.

Hapo Kiswahili hakikupungukiwa na kitu. Kitenzi kutanda kina ukoo mkubwa: mawingu hutanda, buibui ana utando, nasi tunalala juu ya kitanda. Tukitandika tunaweka kitu mahali pake kwa muda, shuka kitandani au tandiko mgongoni mwa punda, tukijua kwamba baadaye tutatandua. Tukitandaza tunasambaza kitu kikae: mpunga juani, au nyasi kavu kwenye mashina ya migomba na mibuni. Mkulima wa Kasulu anayajua matandazo ya mgomba tangu utoto wake. Hayaondolewi kila asubuhi. Yanafanya kazi palepale yalipolala, yanaoza taratibu, yanaongezewa juu.

Tofauti hiyo ya kutandika na kutandaza ndiyo hasa malezi ya kifaranga. Siku tatu nne za mwanzo chini yake huwekwa karatasi, kitambaa au kipande cha gunia, ili akione chakula chake na asijaze tumbo kwa vipande vya mbao. Hilo ni tandiko. Kila asubuhi linakunjwa na uchafu ndani yake, linatolewa, linawekwa jingine. Gazeti peke yake linateleza, na kifaranga anayeteleza siku nzima huishia na miguu iliyotanuka pembeni, kwa hiyo wenye uzoefu huweka juu ya gazeti kitambaa chakavu au kipande cha boksi chenye mikunjo. Baada ya siku hizo huja maranda, kina cha sentimeta 5 hadi 10, na hayo ni matandazo. Yanageuzwa, yaliyolowa yanachotwa na mahali pake kuzibwa kwa makavu, lakini hayatolewi yote kila siku. Anayechanganya kazi hizi mbili hupata hasara kotekote: ama anamwaga maranda mazuri kila asubuhi mpaka seremala anamchoka, ama anaacha gazeti lilelile wiki nzima na vifaranga wanakanyaga rojo.

Maranda lenyewe ni neno la kupendeza. Randa ni kile chombo cha seremala cha kulainishia ubao, na maranda ni vile vikunjo vyembamba vinavyoviringika kutoka ndani yake. Vumbi la msumeno hupatikana karakana hiyohiyo lakini ni kitu kingine kabisa: kifaranga hulidonoa akidhani chakula, na lililobaki humwingia machoni na puani. Nikimtuma mtoto kwa seremala, lugha inaniruhusu kusema ninachotaka kwa neno moja.

Pumba, kwa upande wake, limebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Mashineni pumba za mahindi ni chakula cha kuku. Pumba za mpunga ni maganda makavu ya kutandaza, na pengine ni ule ungaunga unaotoka mpunga ukikobolewa, ambao nao ni chakula. Kiswahili cha kinuni kilikuwa kimekwisha kulitatua hili. Kumvi ni maganda ya mpunga. Wishwa ni makapi yanayobaki nafaka ikitwangwa na kupepetwa. Kumvi hutandazwa, wishwa hupewa kuku. Leo mtu anaambiwa tu akanunue pumba, anarudi na zile za kulisha, anazimwaga sakafuni. Zinanyonya maji, zinachacha usiku mmoja na kesho yake zimeota ukungu. Maneno kumvi na wishwa yamo kwenye kamusi, wazee wa maeneo ya mpunga bado wanayatumia, na sioni sababu ya kuyaacha yafe wakati kazi yake ipo.

Sasa tuje kwenye kinyesi, ambacho vijitabu hukionea haya. Vingine huandika uchafu, vingine choo. Haya ni adabu njema sebuleni, lakini bwana mifugo akiuliza choo cha vifaranga kikoje, na mwenye kuku akajibu kwa adabu kwamba kipo tu, ugonjwa umepata siku mbili za bure. Kinyesi ni neno safi. Limetokana na kunya, kitenzi cha kale cha kitu kinachoteremka, ndiyo maana hata mvua hunya na kunyesha. Nalo linamfaa ndege kuliko mavi na mkojo, kwa sababu ndege hana haja mbili. Kila kitu hutoka kwa tundu moja. Figo zake hutoa mabaki ya protini kwa umbo la asidi ya yuriki, ule weupe kama chokaa unaokaa juu ya tone la kinyesi. Anayesema kuku hakojoi amekosea kidogo tu: mkojo wake ni ule mweupe.

Weupe huo ukiwa mkavu haunuki. Harufu inaanza bakteria wanapopata maji na joto, wakauvunja ule weupe, na kutoa amonia, gesi ambayo jina lake linarudi hadi kwenye chumvi iliyohusishwa na hekalu la Amun, mungu wa Misri ya kale, kule jangwani. Maji hayakosekani. Kifaranga hunywa takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na karibu robo tatu ya kinyesi kibichi ni maji. Joto nalo tumelileta wenyewe. Nyuzi 35 tulizozitafuta kwa mkaa na balbu ili kifaranga asife kwa baridi ndizo zinazowapendeza bakteria. Joto hatuwezi kuliondoa wiki ile ya kwanza, kwa hiyo vita vyote vinabaki kwenye maji: chombo cha kunyweshea kilichoinuliwa juu ya tofali hadi usawa wa mgongo wa kifaranga, maji yasiyojazwa pomoni, na mkono wa mtu unaopita mara kwa mara kuchota palipolowa.

Mkono huo unahitaji pua, na pua inahitaji maneno. Kiswahili hufanya jambo la ajabu na kitenzi kunuka: kikiachwa hivyo ni harufu mbaya, kikipewa mnyambuliko wa kutendea kinakuwa kunukia, harufu nzuri. Wali unanukia, jalala linanuka. Chumba cha vifaranga kilichotunzwa vizuri hakifanyi lolote kati ya hayo. Lakini watu wengi, labda kwa kuvutwa na ukaribu wa maneno yenyewe, hutafuta kuponya kunuka kwa kunukia. Wanafukiza ubani, wanapuliza manukato, wanadeki kwa dawa yenye harufu ya maua. Ndege ana vifuko vya hewa vilivyotandaa mwilini, mbali zaidi ya mapafu yake, na moshi na marashi huingia humo. Kilicholowa chini ya boksi kinabaki kilivyokuwa.

Neno harufu mbaya halitoshi, ni sawa na kumwambia daktari unaumwa. Watu wa Kigoma wamekaa na ziwa miaka yote, wanalijua vizuri neno shombo. Chumba cha vifaranga kikiwa na shombo, chanzo ni dagaa waliosagwa kwenye chakula. Hapo hakuna uchafu, isipokuwa chakula chenyewe kimemwagika na kulowa, na dawa yake ni kuangalia kilishio. Uvundo ni habari nyingine. Uvundo ni kitu kilichooza mahali pasipo na hewa, na mara nyingi utaukuta chini ya chombo cha maji, au pembeni kwenye kifaranga aliyekufa akafunikwa na maranda bila mtu kuona. Ukungu una harufu yake ya kabati la nguo za masika, nao ni wa kuogopwa, kwa kuwa mbegu zake zikivutwa huota ndani ya mapafu ya kifaranga. Na amonia ni ule ukali unaochoma pua na kutoa machozi. Huo hauozeshi wala hauchachishi, unakata. Anayeweza kutaja anachokisikia puani kati ya hivi vinne anajua aende wapi: kwenye chakula, kwenye maji, kwenye maranda ya kutupwa yote, au kwenye dirisha.

Miongozo ya ufugaji inataka amonia isizidi sehemu 25 katika kila milioni ya hewa. Kitanga hakuna kipimo hicho, ipo pua, na pua ina tabia ya kuzoea. Aliyelala chumba kimoja na vifaranga haisikii tena. Mpimaji mzuri ni mgeni anayeingia kutoka nje, au mwenye nyumba mwenyewe akirudi kutoka shambani, mradi asisimame mlangoni: ainame mpaka uso ufike usawa wa boksi na avute pumzi pale, kwa sababu hewa anayoipumua kifaranga ni ya sentimeta kumi kutoka sakafuni. Ikichoma macho ya mtu mzima, imeshaanza kuharibu vile vinyweleo vya koo la pumzi la kifaranga vinavyofagia vumbi na vijidudu, na mafua yatafuata.

Kuhusu unyevu, Kiswahili kina hazina ambayo sijaona kijitabu kikiitumia. Chepechepe, rojorojo, tifutifu, kila moja ni kipimo. Mama mmoja anayelea vifaranga kwenye kona ya jiko lake huko Kitanga alinionyesha. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza anajuaje kwamba wakati wa kubadilisha umefika. Alichota maranda kutoka chini ya balbu, akayafumba mkononi, akafumbua.

"Tazama mwanangu. Haya yanaachia."

Kisha akachota mengine karibu na chombo cha maji. Alipofumbua yalibaki donge lenye alama za vidole vyake.

"Haya yamekataa kuachia. Haya ni ya nje."

Kipimo hicho ndicho wataalamu wa mabanda makubwa wanachokifundisha. Maranda yenye unyevu wa kiasi, robo hadi theluthi ya uzito wake, hushikana kidogo yakifinywa na hutawanyika yakiguswa. Yasiyoshikana hata kidogo ni makavu mno, yatatimua vumbi. Yanayobaki donge yamepita. Na kwa Kiswahili mahali kipimo hiki kinapofanyika, lile bapa la ndani ya mkono, panaitwa kitanga. Jina la kata ni la Waha na lina njia yake, silidai undugu, lakini nilifurahi kulikuta hapo.

Kuna hatua moja ambayo haina jina lililokubaliwa, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Maranda yakilowa, yakakanyagwa, yakakauka juu, hufanya tabaka gumu lililoshikamana, jeusi, linaloteleza. Chini yake kubichi, juu yake kinyesi kipya hakipati pa kuzama. Wafugaji husema yameganda, au yameshikana, maneno yanayoeleza tendo lakini hayakitaji kitu chenyewe. Napendekeza ukoko. Kila nyumba ya Waswahili inajua ukoko wa wali, tabaka lililoshika chini ya sufuria ambalo halitoki bila kukwanguliwa. Mwambie mtu "vunja ukoko kila jioni, na uliolowa utoe nje", hatahitaji mchoro. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, kwa miaka mingi limekuwa likitoa orodha za Tafsiri Sanifu za taaluma mbalimbali; orodha ya sakafu ya kifaranga haitazidi ukurasa mmoja, na maneno yake yote yapo tayari: tandiko, matandazo, maranda, kumvi, ukoko, samadi.

Ukoko una ubaya mwingine uliojificha. Ugonjwa ambao vitabu huuita koksidia na wafugaji huuita kuhara damu (hapa wafugaji wamewashinda wataalamu, jina lao ni dalili tosha) huenezwa na vimelea vinavyotoka na kinyesi vikiwa havijakomaa. Vikikuta unyevu na joto, hukomaa ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo vinapoweza kumwambukiza kifaranga mwingine. Mtu anayechota palipolowa kila siku anavitoa kabla havijawa hatari. Anayesubiri Jumamosi amevipa muda wote vilioutaka.

Mwili wa kifaranga nao unahitaji jicho, hasa siku za mwanzo. Kinyesi hugandamana nyuma na kuziba njia ya haja. Kifaranga anazubaa, tumbo linavimba, anakufa. Usikivute kinyesi hicho, ngozi itachubuka. Chukua kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, kilainishe mpaka kiachie chenyewe, mkaushe kabisa kabla hujamrudisha kwa wenzake, na utazame usije ukakigusa kitovu kilicho karibu na hapo, ambacho watu hukidhania uchafu na kukikwangua. Mwili mzima hauoshwi. Kifaranga aliyeogeshwa kwenye baridi ya Buha huishia kufa.

Nimelitaja dirisha, na hapa nyanda za juu zina taabu yao. Usiku wa baridi mtu hufunga kila tundu, na ndivyo amonia inavyokusanyika. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo tundu linalofaa ni la juu, chini ya paa, linalotoa hewa chafu bila kupuliza baridi kwenye boksi. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zimejengwa na nafasi hizo. Tatizo ni magunia tunayozizibia. Kukinga baridi na kufungia hewa ni vitendo viwili, na boksi lenyewe, likiwa na kuta za urefu wa goti, linaweza kukinga baridi wakati chumba kinapumua.

Kwa miaka mingi joto hilo lilitoka kwenye jiko la mkaa au chungu cha makaa. Mwaka 2022 Kasulu na Kibondo ziliunganishwa na gridi ya taifa baada ya kutegemea majenereta ya dizeli, na balbu ikaanza kuchukua nafasi ya makaa kwenye nyumba zilizofikiwa na nguzo. Ambako umeme haujafika, au umekatika, makaa bado yanaingia chumbani, na hapa istilahi inaweza kuua. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Pua iliyofundishwa kutafuta amonia haitaikuta. Kwa mazungumzo watu huiita moshi wa mkaa, kisha husubiri makaa yakolee na moshi uishe, wayaingize ndani wakidhani yamekuwa salama. Kumbe moshi umeisha na gesi inaendelea. Wengine, wakitaka kusema kitaalamu, huiita hewa ukaa. Lakini neno hewa ukaa tumekwisha kulipa kazi nyingine: ni ile kaboni ya mabadiliko ya tabianchi, ile ambayo vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, jirani zetu wa Katavi, vinalipwa fedha kwa kutunza misitu ili kaboni hiyo isipotee angani. Anayesikia hewa ukaa anafikiria misitu na mgawo wa kijiji. Hatafikiria mtoto na vifaranga waliolala chumba kimoja na jiko. Ningeomba tuiite sumu ya mkaa, kwa maneno hayohayo, kwenye kila kijitabu cha ufugaji, na chini yake tuandike kwamba jiko la mkaa halilali chumbani na mtu.

Jambo lililobaki ni majivu. Jikoni yapo tele, na kwa kuku wakubwa yana faida yake, wanayaogea na utitiri hupungua. Kwa hiyo mtu akisikia ukali wa amonia humwaga majivu au chokaa juu ya maranda mabichi, na hushangaa ukali ukizidi. Jibu limo ndani ya neno tulilopewa darasani bila kuambiwa asili yake. Alkali ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni majivu ya mmea. Amonia ikikuta hali ya uchachu hubaki imefungwa ndani ya unyevu. Ikikuta alkali hufunguliwa na kuruka hewani. Majivu juu ya maranda yaliyolowa, vifaranga wakiwa ndani, ni kuifungulia mlango. Kinyume chake ni shabu, yale madini meupe ambayo vinyozi hupaka kwenye kidevu kilichonyolewa na ambayo watu hutuliza nayo maji ya tope. Jamaa yake wa viwandani, salfeti ya alumini, hutandazwa na wafugaji wa Marekani kwenye mabanda yao makubwa ili kuifunga amonia isiruke. Sidhani mwenye vifaranga ishirini anahitaji kufika huko. Maranda makavu yanamtosha. Nalitaja ili neno hilo la zamani lijulikane kwamba lina jamaa kwenye kemia ya leo.

Vifaranga wakiota manyoya na kuhamia bandani, hapo ndipo neno kutandua linapopata zamu yake kwa matandazo yote. Yanatolewa mpaka sakafu ionekane, na yakivuka kizingiti yanabadilika jina: ni samadi, na naitrojeni ile ambayo ingeruka kama harufu sasa ni ya migomba. Isiwekwe shinani siku hiyohiyo, kwa kuwa kinyesi kibichi cha kuku huunguza mizizi. Ilundikwe, ifunikwe, igeuzwe, mpaka joto lake litulie na iwe mboji. Sakafu ikwanguliwe ukoko uliobaki, ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe. Chokaa, ambayo wakati wa vifaranga ilikuwa adui, sasa ndiyo saa yake: ipakwe kwenye sakafu tupu na ukutani hadi urefu wa goti, na kona hiyo ikae bila kuku wiki mbili kabla ya kundi jingine.